Maji na Adhana Katika Maternite Yetu

Wakunga wenzangu mliobaki kazini, siku ya kuniaga mlinipa kitenge, keki na hotuba mbili ndefu, halafu mkaniomba niandike niliyoyaona. Kitenge nimeshakishona. Keki waliimaliza wajukuu. Hotuba sikumbuki hata moja, mnisamehe, lakini ombi lenu limenikaa moyoni, na ndiyo maana leo nimeketi kuandika. Vyeo sitavitaja, maana cheo hakijawahi kumzalisha mtu. Mishahara nayo tuiache ilale. Nitawasimulia habari za Mama Kyungu, aliyenifundisha kazi hii, na za Zaina, mke wa mfanyakazi wa reli pale Shituru, ambaye alitufundisha sisi wawili.

Niliingia maternite, hospitali ya uzazi ya Kampuni ya madini hapa Likasi, nikiwa msichana mwembamba kutoka Kamatanda, nimetoka shule ya uuguzi na bado nanukia sabuni ya bweni. Nchi ilikuwa bado haijabadilishwa jina. Siku ya kwanza nilivaa gauni jeupe ambalo mama yangu alilitia wanga na kulipiga pasi mpaka likaweza kusimama lenyewe. Mama Kyungu, mkuu wa wakunga, mwanamke mfupi mwenye mikono mipana, alinitazama kuanzia kofia hadi viatu.

“Unapendeza, mwana wangu,” akasema. “Sasa kamata ndoo.”

Asubuhi nzima nikasugua sakafu. Mchana akanipa ile pembe ndogo ya mbao ya kusikilizia moyo wa mtoto tumboni, akaniketisha kando ya mama mmoja aliyekuwa na uchungu wa pole pole, akaniambia nisikilize. Nikasikiliza, nikamwambia nimesikia. Akasema nisikilize tena. Nilipomwambia mara ya tatu kwamba nimesikia, akajibu kwamba kusikia ni kazi ya sikio, yeye anataka nimjue yule mtoto kama ninavyomjua jirani, ili akianza kuchoka nijue kabla hajaniambia. Mnaosoma leo mna mashine inayopiga kelele na kuchora mistari. Nzuri sana. Lakini umeme wa Likasi mnaujua wenyewe, kwa hiyo pembe msiitupe.

Vifaa vyetu miaka ile havikuwa vibaya. Kampuni ilikuwa tajiri na mashuka yalitoka kwa fundi wa kufua yakiwa yamekunjwa sawasawa. Kitu tulichokikosa ni sanduku la kuwatia joto watoto waliozaliwa kabla ya wakati. Mama Kyungu alikuwa anajaza maji ya moto katika chupa za bia, anazifunga kwa taulo, anazipanga kumzunguka mtoto. Baba mmoja alikuja kumwona mwanawe, akakuta chupa za bia zimemzunguka kitandani, akasema sasa sina shaka, huyu ni wangu.

Na palikuwa na kikombe. Kikombe cheupe cha bati, kimejaa maji safi, kimefunikwa kwa kitambaa, kinakaa juu ya kabati karibu na meza ya kuzalia. Kwa Wakatoliki, mtoto akizaliwa naye anaelekea kufa, haingojwi padri. Mtu yeyote aliye karibu anaweza kummiminia maji kichwani na kusema maneno ya ubatizo, na mtoto amebatizwa. Mama Kyungu alifanya hivyo kwa kila mtoto dhaifu aliyepita mikononi mwake, wa Mkatoliki, wa Mmetodisti, wa asiyesali popote. Wavulana wote aliwaita Yosefu na wasichana wote Maria, kwa sababu ya haraka. Baadaye serikali ilipokataza majina ya ubatizo, tukaitana citoyen na citoyenne, yaani raia wa kiume na wa kike, na kila asubuhi tukalazimika kuimba na kumchezea Rais uani kabla ya kuanza kazi. Mama Kyungu alicheza uani kama wengine, kisha akaingia ndani akaendelea na akina Yosefu wake kwa sauti ya chini. Mbinguni siku wakiita Yosefu wa Likasi, wataitika wengi kwa mpigo.

Msimcheke. Alikuwa anaamini, kwa moyo wote, kwamba mtoto akifa bila maji yale hafiki kwa Mungu, anabaki mahali fulani pasipo na mtu. Ndivyo alivyofundishwa na ndivyo nilivyofundishwa mimi. Kile kikombe kilikuwa upendo wake, hakuwa na kingine cha kumpa mtoto anayeondoka.

Baba Salumu, mume wa Zaina, tulimjua siku alipozaliwa huyo Salumu, mtoto wake wa kwanza. Alikuwa mtu mrefu, asili yake Kasongo, kazi yake ni kuunganisha na kuongoza mabehewa katika uwanja wa reli wa kiwanda. Wanaume walikuwa hawavuki mlango wa chumba cha kuzalia, amri iliandikwa kwa rangi nyekundu mlangoni, na daktari wetu aliipenda amri hiyo kuliko dawa zake. Baba Salumu hakubishana. Alizunguka nje kwenye baraza, akasimama kwenye dirisha la chumba cha mashuka, kofia mkononi, akagonga kioo taratibu.

“Mama, ninaomba munipatie mutoto ku dirisha,” akasema. “Kidogo tu.”

“Unataka kumuiba?” Mama Kyungu akamuuliza.

“Hapana, mama. Shiye Bisilamu, mutoto akizaliwa, baba anamuambia neno ya Mungu mu sikio. Inafaa ikuwe neno ya kwanza njo anasikia.”

Mama Kyungu alikuwa mtu wa Misa kila asubuhi kabla ya zamu. Kulikataa neno la Mungu alikuwa hajui linakataliwaje. Akamfunga mtoto vizuri, akamwagiza Baba Salumu anawe mikono kwenye bomba la nje, tena kwa sabuni, kisha akampitisha mtoto dirishani huku ameshikilia pembe ya blanketi kama mtu anayeazimisha sufuria yake nzuri. Baba Salumu akainama kwenye sikio la kulia, akamwadhinia mwanawe kwa sauti ndogo sana. Tulimsikia kidogo tu, lakini uso wake niliuona, na mimi ambaye nilikuwa bado sijaolewa nilitamani mtu wa kuinamia mwanangu hivyo.

“Ulimuambia nini?” Mama Kyungu akauliza alipomrudisha mtoto.

“Kama Mungu ni mukubwa.”

“Eh. Hiyo hata shiye tunajua.”

Toka siku ile dirisha la mashuka likawa la Waislamu. Walikuja watu wa Kasongo, wakaja na wafanyabiashara wa Afrika Magharibi waliokuwa na maduka sokoni, wamevaa kanzu ndefu, na wote Mama Kyungu aliwapeleka kwanza kwenye bomba. Sikukuu ya Idi ilipofika, Zaina alileta sinia la wali na nyama mpaka chumba cha wauguzi. Krismasi Mama Kyungu akampelekea Salumu kaptura aliyomshonea mwenyewe. Hakuna aliyeona ajabu. Tulikuwa tunaishi katika nyumba za Kampuni ukuta kwa ukuta, na jirani akikaanga kitunguu unajua anapika nini.

Mimba ya pili ya Zaina ndiyo iliyoharibu mambo.

Mtoto alitoka kitovu kimemzunguka shingoni. Tulikikata haraka, tukamsugua mgongo, nikamnyonya kamasi kwa mpira. Alivuta pumzi moja, akangoja, akavuta nyingine. Wakunga mnaijua pumzi ya namna hiyo. Mama Kyungu akafunua kikombe, akammiminia maji, akambatiza Yosefu. Nilimshika mpaka pumzi zikakoma. Kisha Mama Kyungu akaenda kwa Zaina, akamshika mikono yote miwili, akamwambia jambo tamu kuliko yote aliyokuwa nayo.

“Usilie sana, mama. Nilimubatiza. Ameisha kufika kwa Mungu.”

Nilikuwa nimeona maneno yale yakiwatuliza akina mama wengi. Wangapi walimbusu mikono kwa ajili yake. Zaina aligeuza uso ukutani. Mama Kyungu alidhani ni majonzi tu, akamfunika shuka vizuri, akaenda kumwandaa marehemu mdogo. Baba Salumu alimpokea mtoto katika kitambaa cheupe, akasema asante kama mtu aliyelelewa vizuri, akaondoka na ndugu zake kwenda kumzika.

Idi iliyofuata sinia halikuja. Mama Kyungu aliniuliza kama Zaina anaumwa, nikasema nilimwona sokoni akiwa mzima. Siku ile alichungulia barazani zaidi ya kawaida yake. Baadaye jirani mmoja akatuletea habari. Zaina ana mimba tena, miguu imemvimba mpaka viatu havimwingii, anaumwa kichwa, na amesema atazalia nyumbani na shangazi yake. Kwenye mizani ya wajawazito hakufika hata mara moja. Uvimbe na kichwa vikienda pamoja, mnajua wenyewe vinampeleka mama wapi. Mama Kyungu akaniambia nivue gauni la kazi, nivae kitenge, niende Shituru kama rafiki.

Nilimkuta Zaina mbele ya nyumba, anachambua mchele kwenye ungo. Alinipa kiti, akanipa chai, akaniuliza habari za nyumbani kwetu Kamatanda. Heshima yote ilikuwepo, ila yeye mwenyewe hakuwepo. Nilimwambia wazi kwamba miguu ile inaniogopesha.

“Hata minye inaniogopesha,” akasema.

“Sasa juu ya nini hauyi ku maternite?”

Akaendelea kutoa mawe kwenye mchele.

“Yule mutoto, wakati alikuwa angali anapumua, baba yake alikuwa ku dirisha,” akasema. “Alikuwa ameisha kunawa mikono. Alikuwa anangoya. Mulikuwa na wakati ya kukamata maji, hamukukuwa na wakati ya kufungua dirisha?”

Akaniambia hana hasira juu ya maji, maji ni maji, na Mama Kyungu anampenda, anajua. Lakini mtoto wake alikaa duniani kidogo tu, na hicho kidogo chote kikachukuliwa na watu wengine. Baba yake hakumwambia neno hata moja. “Alipita kama mugeni,” akasema. “Huyu sitaki apite vile. Kama ni kufwa, tutakufwa hapa, na bantu yetu.” Salumu alikuwa anacheza na kopo karibu yetu. Mbele yangu alikuwa mama ambaye angeweza kufa, yeye na mtoto wake, kwa sababu alitupenda akatuamini, nasi tulimpa tulichonacho badala ya anachokihitaji.

Nilirudi nikamweleza Mama Kyungu neno kwa neno. Alikuwa anahesabu nepi. Akaacha.

“Alikuwa ku dirisha?”

“Alikuwa, mama.”

“Na alikuwa amenawa?”

“Amenawa.”

Kesho yake, baada ya zamu, aliniambia nimsindikize Shituru. Tulipanda taksibasi, yeye akiwa na kuku kwapani, kuku mwenyewe mkali, aliyemdonoa kondakta na kuwapigia abiria kelele njia nzima. Nilimuuliza kwa nini asingemchinja nyumbani akamleta ametulia. Alinitazama kwa huruma, kama anayemtazama mtu aliyesoma shule na asijue kitu.

Tulipofika akamweka kuku miguuni pa Zaina.

“Iko muzima,” akasema. “Mutachinja beniewe, vile munachinjaka.”

Zaina akacheka bila kutaka, akaziba mdomo. Mama Kyungu akakaa chini kwenye mkeka, hakutaka kiti.

“Zaina, mwana wangu. Siku ile nilikupatia kintu ya muzuri kupita yote njo minye niko nayo. Nilikupatia bila kukuuliza. Unisamehe.”

“Nimekusamehe, mama. Lakini huyu naye, kama anatoka mubaya?”

Nilijua Mama Kyungu anapigana na nini. Kwake yeye, kumnyima mtoto maji ni kumwacha njiani peke yake, milele. Aliangalia tumbo la Zaina, akaangalia ile miguu, na akachagua. Nimeona watu wenye moyo katika kazi hii, waliotoa damu yao, waliosimama siku nzima bila kula, lakini sijaona kitu kigumu kama kile.

“Sitatia maji,” akasema. “Nitamuita baba yake. Hata kama docteur anafunga mulango na kofuli, baba yake ataingia. Lakini usinizalie hapa. Nakulomba.”

“Mutamuita kweli?”

“Nitamuita minye mwenyewe.”

Zaina akakubali. Kesho yake Baba Salumu alimleta, tukampima, tukamlaza kabisa, bila chumvi, bila kazi, hadi uchungu ulipomjia asubuhi moja ya kiangazi. Baba Salumu alikuwa barazani tangu mapema. Uchungu ukawa wa pole pole, mtu akaja kutoka kiwandani kumwita: kuna mabehewa ya kupeleka Kamatanda, aliyepangwa anaumwa, na msimamizi anasema sasa hivi. Miaka ile mtu hakumwambia msimamizi kwamba mke wake anazaa. Mama Kyungu alimtuliza, akamwambia aende, kwa mwendo ule atarudi kabla.

Mwendo ule ulibadilika. Mnajua jinsi mama anavyoweza kukudanganya nusu siku kisha akakumalizia kazi ukiwa hujavaa glavu. Mama Kyungu alipoona hali, alimtuma mhudumu wetu kwa baiskeli kwenda Kamatanda kumwita Baba Salumu, akasimama mlangoni kumhimiza mpaka alipopotea barabarani. Halafu mtoto akatoka.

Alikuwa mvulana, mweupe wa kutisha, mikono imelegea. Moyo ulikuwepo, nilipoweka pembe kifuani niliusikia, mdogo, wa mbali. Pumzi hakuna. Nikamnyonya kamasi, nikamsugua, nikaweka kitambaa cha gauze kinywani pake nikaanza kumpulizia kidogo kidogo, kama ninavyowafundisha, kwa hewa ya mashavu tu. Mama Kyungu alikuwa anamshughulikia Zaina, maana damu nayo ilikuwa inatoka. Alipomaliza kumkanda tumbo na damu ikapungua, akaja upande wangu akamwangalia mtoto. Mkono wake ukaenda kwenye kabati. Nikaona vidole vimeshika kitambaa kilichofunika kikombe.

“Baba yake amekuya?” Zaina akauliza kutoka mezani.

Niliendelea kupuliza.

“Mama Kyungu. Baba yake amekuya?”

“Angali hajakuya,” Mama Kyungu akasema.

Zaina akafumba macho. Machozi yakamtoka pembeni yakaingia masikioni, na hakufanya kelele yoyote. Mama Kyungu aliondoa mkono kwenye kikombe. Akakamata kimeza cha mtoto, kilikuwa na magurudumu mabovu, akakisukuma kwa nguvu na mimi nikifuata nimeinama, bado napuliza, mpaka kikagusa kichwani pa Zaina.

“Muambie weye,” akasema.

“Minye?”

“Sikio yake iko hapa. Muambie.”

“Ni kazi ya baba. Mi mwanamuke.”

“Na minye mwanamuke, na minabatizaka,” Mama Kyungu akasema. “Padri hayuko, natia maji. Kwetu saa ya hatari Mungu haulizi ni nani. Kwenu anauliza?”

Zaina alimtazama. Kisha akajigeuza ubavu, Mama Kyungu akimshika bega, akaweka mdomo kwenye sikio la kulia la mwanawe na akaanza. Mimi nilikuwa upande wa pili napuliza, kwa hiyo nyuso zetu zilikuwa karibu kugusana, na adhana ile niliisikia yote. Sauti ilimkatika katikati, hakuwa na nguvu. Mama Kyungu akampangusa jasho. “Endelea, mama. Endelea.” Akaendelea mpaka mwisho.

Sitawaambia kwamba mtoto alilia neno la mwisho lilipotoka, maana haikuwa hivyo, na mimi ni mkunga, si mtunga hadithi. Mama yake alimaliza, mimi nikaendelea kupuliza, na kwa muda hakikutokea kitu. Kisha kifua kikaruka chenyewe. Kikatulia. Kikaruka tena. Rangi ikaanza kurudi midomoni, na mwishowe akatoa kilio chembamba cha mtu aliyeudhiwa. Mama Kyungu akasema tu, “Chupa,” nikakimbilia maji ya moto.

Daktari aliingia wakati huo, alikuwa amesikia sauti kutoka korido.

“Citoyenne, nani alikuwa anafanya sala ya Kiislamu katika chumba changu cha kuzalia?”

“Docteur, ni mama alikuwa anasemeshana na mutoto wake,” Mama Kyungu akajibu. “Kuna amri ya kukataza?”

Daktari akafikiri, akaona haipo, akampima Zaina presha ya damu, kisha akatoka.

Baba Salumu alifika mchana amejaa vumbi la Kamatanda, na mhudumu wetu nyuma yake anahema. Alinawa bila kuambiwa. Mama Kyungu alimpelekea mtoto, na kabla hajainama akamweleza yote, kwamba hakutimiza ahadi ya kumwita kwa wakati na kwamba mama ndiye aliyeadhini. Baba Salumu alisikiliza akimwangalia mwanawe.

“Zaina alisema yote?”

“Yote. Hata huyu Ngoie ni shahidi,” Mama Kyungu akasema, akininyooshea mimi kidole.

“Basi alisikia,” akasema. Akamweka mtoto shavuni akalia pale barazani, mbele ya wagonjwa na wapita njia, wala hakujificha.

Tangu siku ile, mama yeyote akija kwetu, tukishampima na kusikiliza mtoto, tulimuuliza swali moja zaidi: kwenu mtoto akizaliwa mnafanyaje, na akizaliwa vibaya mnataka tufanyeje? Mama Kyungu ndiye aliyelianzisha. Wengine walitaka maji, wengine walitaka mchungaji wao, wengine walitaka tu bibi aitwe. Haichukui muda. Naomba mliendeleze, hata siku mkiwa na wajawazito wengi na hasira za kutosha.

Lakini nirudi kwenye mchana ule, maana kuna jambo nimelibeba muda mrefu, na Mama Kyungu na Zaina wote wawili sasa wamekufa, nadhani hawatanikasirikia. Baba Salumu alikuwa ameenda kumchukua Salumu kwa jirani. Zaina alikuwa amelala na mtoto kifuani, mimi napanga vifaa. Mama Kyungu akaja akaketi kitandani kwa Zaina, jambo alilotukataza sisi wote kwa ukali.

“Mukono yangu ilikuwa inaenda yenyewe,” akasema. “Niliikamata na nguvu.”

“Niliiona, mama.”

“Kama angekufwa sijui ningefanya nini.” Akanyoosha pembe ya shuka. “Wangu wa kwanza alikufwa ku mugini. Padri alikuwa mbali. Nilikuwa ningali mutoto muke, hakuna mutu aliniambia kama hata minye ningeweza kumutia maji. Akaenda vile. Tangu pale natia maji ku batoto ya bantu bote, juu ya yule mumoja. Na mpaka leo siyui eko wapi.”

Nilikuwa nimefanya kazi naye miaka mingi, nimekula kwake, nimesali naye. Sikuwahi kusikia kwamba alizaa mtoto kabla ya wale niliowajua.

Zaina hakusema pole. Alimwangalia muda mrefu, mkono wake juu ya mgongo wa mtoto.

“Wakati alikufwa, nani alikuwa anamubeba?” akauliza.

“Minye.”

“Ulikuwa unamuambia nini?”

“Nilikuwa namuita tu. Mwana wangu, mwana wangu. Sikujua ingine.”

“Basi Mungu alimukamata mu mukono ya mama yake,” Zaina akasema. “Anajua kwenye alimutoa. Atakurudishia.”

Mama Kyungu aliinama pole pole mpaka kichwa chake kikafika kwenye shuka, karibu na mtoto, na Zaina akamwekea mkono juu ya kitambaa cha kichwa. Mimi nikachukua mikasi, nikatoka kwenda kuichemsha, ingawa nilikuwa nimeshaichemsha.